Mashine Iliyomuunguza Mateusi

Mtoto mkubwa wa Athumani alinipigia simu asubuhi, mke wangu Salome akiwa barazani anachagua mchele. "Baba mdogo," alisema, "mzee ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya alasiri. Mama amesema uambiwe." Nikampa pole, nikamwambia nitafika, kisha nikabaki nimeshika simu. Kifo chenyewe hakikunishtua, kwa maana Athumani alikuwa ameumwa muda mrefu na habari zake zilikuwa zikinifikia. Lililonishika ni kule kuitwa baba mdogo na mtu mzima ambaye nilimbeba begani akiwa mtoto, na ambaye mlango wa kwao Pangani niliuvuka mara moja tu tangu wahame Tanga. Nilipomweleza Salome aliuweka ungo chini. "Nenda wewe," alisema. "Mimi nikienda nitakuwa kama ushahidi uliopelekwa msibani." Nikamwambia Athumani hakuwahi kumchukia. "Najua," akajibu. "Ndiyo maana siendi."

Mwaka ninaousimulia ni ule niliofika Tanga kutoka shule ya ufundi, miaka michache kabla ya uhuru. Niliajiriwa kwenye karakana ya hospitali moja, jengo la bati nyuma ya jiko, ambamo mafundi wa umeme tulikuwa wawili tu. Athumani alinitangulia kazini kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye kusema polepole na kufanya kazi haraka, na siku ya kwanza aliponiona nimesimama na sanduku langu la mbao aliniuliza nitalala wapi. Nikasema sijui. "Basi utalala kwangu," akasema, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi. Ndivyo nilivyopata chumba cha uani katika nyumba yake ya Nguvumali, chumba chenye kitanda cha kamba, dirisha moja la kuelekea kisimani, na ukuta uliopakana na jiko la mkewe, Bi Zaina. Kupitia ukuta ule nilisikia maisha yao yote: watoto wakigombea ukoko, Zaina akimweleza jirani bei ya nazi, Athumani akisoma Kurani kwa sauti ya chini kabla ya kwenda kazini. Mimi ni Mlutheri wa milimani, sikuwahi kuishi na Waislamu, na nilikuja na hofu nyingi za kijinga. Zilinitoka wiki ya kwanza, kwenye sinia la bada. Zaina aliupika ule ugali wa muhogo ukawa laini kama sufi, akaushushia ng'onda, yule samaki mkavu, wa nazi, akaniita, "Shemeji, njoo ule, hatuli watu huku." Tangu siku hiyo nilikula nao. Athumani aliniita mdogo wangu, mimi nikamwita kaka, na hakuna aliyetuuliza tumekuwaje ndugu.

Kazini alinifundisha yale ambayo shule haikufundisha. Namna ya kunusa transfoma iliyoanza kuungua, namna ya kulehemu waya kwa mguso mmoja, namna ya kumsikiliza muuguzi anayelalamika hadi ujue analalamikia nini hasa. Vipuri vilikuwa shida. Tuliagiza Dar es Salaam, Dar wakaagiza Ulaya, na kitu kidogo kama rezista, kile kipande cha kupunguza nguvu ya umeme, kingeweza kufika baada ya msimu mzima wa mvua. Kwa hiyo fundi mzuri alikuwa yule anayejua kufanya kitu kiende bila kile kinachokosekana, na kwa kipimo hicho Athumani alikuwa fundi mzuri kuliko wote niliofanya nao kazi baadaye. Nalisema hili bila kumpamba marehemu.

Mashine yenyewe ilikaa chumba cha mwisho cha wodi ya wanaume, chumba cheupe chenye meza ya kulalia, beseni la maji ya chumvi na pazia la kijani. Ilikuwa sanduku la chuma lenye mita mbele na ndani valvu, zile chupa za kioo kama za redio za zamani, na kazi yake ilikuwa kupitisha umeme mdogo kwenye viungo vilivyopooza, ili misuli isife wakati mishipa ya fahamu inaota upya. Shida ya kazi hiyo ni ngozi ya mtu. Ngozi kavu huuzuia umeme, ngozi iliyolowa huupitisha. Mgonjwa akikaa na kitambaa cha maji ya chumvi mkononi, umeme huzidi wenyewe bila mtu kugusa kitu. Mashine ile ilijilinda na hilo. Valvu moja ilikuwa ikiuangalia umeme unaopita, nyingine ikibana au kulegeza njia, ili kiasi alichokichagua daktari kibaki kilekile, ngozi iwe kavu, iwe mbichi. Mimi niliipenda kwa jinsi ilivyojitawala. Nilitafuta visingizio vya kwenda chumba kile, na Zaina alipokuwa akinisikia nikiieleza mezani alicheka. "Shemeji anapenda mashine," alimwambia mumewe, "au anapenda mwenye kuiwasha?" Mwenye kuiwasha alikuwa Salome, muuguzi msaidizi, Mbondei wa Muheza, mwenye kuvaa saa kifuani na kuongea na wagonjwa kama wageni waliomtembelea kwake. Sikuwa nimemwambia neno. Lakini Zaina hakukosea.

Katikati ya mwaka mashine ilikufa. Athumani aliifungua peke yake, maana mimi nilikuwa juu ya paa la wodi ya wazazi na nyaya za taa, na jioni yake ikawa inafanya kazi. Sista mkuu, mama wa Kizungu mwenye haraka, alikuja karakana kumshukuru mbele ya watu, kwa sababu foleni ya wagonjwa ilikuwa imeanza kumtia aibu kwa daktari mkuu. Nilimuuliza Athumani tatizo lilikuwa nini. "Kirezista kimoja kilipasuka," alisema. "Nimekiruka kwa waya. Hakikuwa na kazi kubwa." Nikaamini, kama nilivyomwamini kwa yote mengine. Hata yeye aliamini. Nataka hilo lieleweke kabla sijaenda mbele.

Mateusi alikuwa Mngoni wa Songea, mfanyakazi wa mashamba ya mkonge, aliyejeruhiwa mkono na korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Jeraha lilikuwa limefunga, lakini kuanzia kiwiko hadi vidoleni hakusikia kitu. Ungeweza kumchoma pini akaendelea kukueleza habari za kwao. Alikuwa mwenye maneno mengi na mipango. Mkono ukipona atarudi kwao, atalima tumbaku, atamuoa msichana ambaye kila akimtaja alimbadilisha kimo. Alikuja kwa Salome mara mbili kwa wiki, na vidole vyake viwili vilikuwa vimeanza kutikisika vyenyewe. Siku ile alilala kama kawaida, Salome akamfunga vitambaa vyenye maji ya chumvi, akapandisha umeme hadi pale daktari alipoagiza, mshale wa mita ukasimama wima bila kutetereka, na wawili wakapiga soga muda wote. Alipofunua vitambaa nyama ilikuwa imeiva. Nilikuwa ukumbini na ngazi yangu. Sikusikia kelele, kwa maana hakuna aliyepiga, nilisikia Salome akisema, "Mateusi, usiangalie," na Mateusi akiuliza kwa upole, "Kuna nini, dada?"

Jeraha liliingia uchafu, wakamkata kidole cha mwisho na baadaye kinachofuatia, na vile vilivyokuwa vikitikisika vikanyamaza. Lawama ilimfuata Salome siku ileile. Kila mtu hospitalini alijua kwamba kitambaa kisipolowa sawasawa, au bamba la chuma likigusa ngozi, umeme hukusanyika mahali pamoja na kuunguza. Sista alimuuliza kama alikilowesha. Alisema alikilowesha. Wakamuuliza Athumani kama mashine ni nzima, naye akaipima, mimi nikiwa pembeni nimeshika waya. Aliweka rezista mahali pa mgonjwa, akabadilisha akaweka nyingine, akaweka beseni la maji ya chumvi. Kila mara mshale ulibaki palepale, kama mashine mpya. "Mashine haina kosa," alisema kwa moyo safi. Salome akazuiwa kazi, akaambiwa kutakuwa na kikao cha kuamua kama atafukuzwa. Nilimkuta kwenye benchi la nje ya bweni la wauguzi, ameshika saa yake mkononi badala ya kuivaa. "Labda sikukilowesha," alisema. "Wanavyosema wote, naanza kuona kama sikukilowesha." Maneno hayo yalinitesa kuliko machozi.

Kilichonifungua macho kilitoka kantini. Mpishi alikuwa na redio aliyoipenda kuliko jiko lake, na tukiwa tunakunywa chai alimwambia dereva, "Angalau siku hizi taarabu inasikika vizuri. Ule umeme wa Salome ulikuwa unaipigisha mluzi." Nikamuuliza tangu lini. Akafikiri, akasema tangu mashine ilipotengenezwa. Kabla ya hapo hapakuwa na mluzi. Chai ilinipoa mkononi. Mashine inayopitisha umeme uliotulia haina sababu ya kuifikia redio ng'ambo ya ua. Redio husikia kinachotetemeka.

Niliomba ile redio, nikaenda nayo chumba cha mwisho mchana kweupe, Athumani akiwa mjini kufuata balbu. Nikafunga rezista mahali pa mgonjwa, nikawasha. Mshale ukasimama wima. Redio ikapiga mluzi mwembamba. Nilipofungua kifuniko na kugusa valvu kubwa kwa ncha ya bisibisi, mluzi ukakatika. Nilipotoa bisibisi, ukarudi. Nikalirudia hilo hadi nikawa sina pa kukimbilia. Mashine ilikuwa inajisahihisha kupita kiasi: valvu moja inavuta, nyingine inarudisha, kwa kasi ambayo mshale hauwezi kuifuata, ukabaki kuonyesha wastani tu. Ndani ya wastani ule umeme ulipanda na kushuka kwa nguvu, na joto lake lilikuwa halisi. Mtu mwenye kusikia maumivu angepiga kelele mara moja. Mateusi hakusikia. Kwenye mguu wa ile valvu, mahali ambapo mtengenezaji aliweka kirezista kidogo cha kutuliza, palikuwa na kipande cha waya kilicholehemiwa kwa mguso mmoja, safi, kazi ya mkono ninaoujua. Nilikata waya ule, nikaweka rezista niliyoichomoa kwenye redio mbovu karakana. Mluzi haukurudi tena.

Jioni nilimweleza Athumani uani, watoto wakiwa wametumwa dukani. Sinia lilikuwa limeshaletwa. Aliniuliza maswali ya fundi, moja baada ya jingine, na kila nilipojibu aliitikia kwa kichwa. Kisha akawa anamega bada na kuirudisha. "Mimi ndiye niliyemkata yule mtu vidole," alisema mwishoni. Nikamwambia hakukusudia. "Sikuuliza nilikusudia nini." Zaina alikuwa mlangoni, ameshika bakuli la maji ya kunawa, na hakuliweka chini. "Umeshaweka rezista?" aliniuliza yeye. Nikasema nimeweka. "Basi mashine imepona. Salome hana mtoto, atapata kazi hospitali nyingine. Hawa wanne watakula wapi?" Athumani akamwambia, "Zaina, usimtie mtoto wa watu kwenye dhambi yetu." Kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, jambo hili ni langu. Niachie niliseme mimi." Nikasema, "Sawa, kaka." Nilifurahi kusikia vile, kwa maana nilikuwa nimeogopa ataniomba ninyamaze.

Hakusema kesho yake, wala siku zilizofuata. Tulikwenda kazini pamoja na kurudi pamoja, na mazungumzo yetu yakawa ya balbu na fyuzi. Kupitia ukuta niliwasikia yeye na Zaina wakinong'ona, na safari hii sikuweza kushika neno. Nikajiambia anasubiri kikao. Sauti nyingine ikaniambia anasubiri kipite. Sasa nikiwa mzee naona kwamba zote mbili zingeweza kuwa kweli ndani ya mtu mmoja, tena kwa saa ileile, lakini kijana hajui hivyo. Kijana anataka kujua mtu ni mwema au ni mbaya, na anataka ajue leo.

Kikao kilifanyika ofisini kwa daktari mkuu, feni ikizunguka juu yetu. Sista alikuwepo, Salome amesimama, sisi mafundi wawili tumekaa kwenye viti vya ukutani kwa sababu tulihitajika kutoa habari za mashine. Daktari, kwa Kiswahili chake cha kujifunza vitabuni, alimuuliza Salome tena kuhusu kitambaa. Salome akajibu, "Sijui tena, bwana." Daktari akaandika. Kisha akasema, "Fundi Athumani, mashine ulisema ni nzima." Halikuwa swali hasa. Athumani akasogea ukingoni mwa kiti. Alikohoa kidogo, akaweka mikono magotini. Nilimwona kwa pembe ya jicho, nikaona midomo yake inafunguka, na ukapita muda mfupi ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Daktari alikuwa ameinamisha tena kalamu. Salome alikuwa anaangalia sakafu. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Bwana, mashine haikuwa nzima."

Nikaeleza yote. Sikuongeza wala sikupunguza. Nilisema hapakuwa na vipuri, nilisema Sista alihimiza, nilisema hata mimi ningeweza kufanya vile. Lakini mambo hayo hayakuwa na uzito chumbani, na uzito wote ukaanguka kwenye kipande cha waya. Daktari akamuuliza Athumani kama ni kweli. "Ni kweli," alisema. "Alivyosema Zakaria ndivyo." Aliniita kwa jina. Hakuniangalia, wala hakunikwepa.

Salome alirudishwa kazini. Athumani alifukuzwa, si kwa waya, walisema, bali kwa kuthibitisha mashine ni nzima na kisha kukaa na ukweli wakati mwenzake anahukumiwa. Nilijaribu kusema kwamba alitaka kusema. Sista aliniuliza, "Umejuaje?" Nafasi ya Athumani nilipewa mimi. Nilihama Nguvumali wiki ile, Zaina akanifungia vyombo vyangu kwa mikono yake bila neno baya, na hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko sanduku. Baadaye wakahamia Pangani, na mwaka uliofuata nikamuoa Salome. Watu walisema nilimuuza kaka yangu nikanunua mke. Nimejiuliza mara nyingi kama walikosea. Ningalisimama vile kama anayehukumiwa angekuwa muuguzi mzee nisiyemjua? Nadhani ndiyo. Lakini ningemsubiri Athumani apumue mara moja zaidi, na tofauti yote imo katika pumzi hiyo. Mateusi nilimwona mara ya mwisho langoni, amefungwa kitambaa, anangojea gari la shamba. Alinipa mkono mzima, akanishukuru kwa kumtetea dada Salome. Sikumweleza kwamba kuupata ukweli hakukumrudishia kidole hata kimoja.

Miezi michache baada ya wao kuhamia huko, nilikwenda Pangani. Athumani alikuwa na meza ya kutengeneza redio chini ya kibanda cha makuti, na wateja walikuwepo. Alinikaribisha vizuri, akaagiza chai na mkate wa mofa, akauliza habari za hospitali na za milimani. Kila sentensi aliifunga kwa "bwana". Karibu, bwana. Kunywa chai, bwana. Neno "mdogo wangu" hakulitaja tena. Nikanywa chai, nikaaga, na sikurudi hadi siku ya maziko yake.

Makaburini nilisimama nyuma ya wanaume. Mtoto wake alinivuta mbele, akaniweka pamoja na ndugu wa marehemu, na watu waliponiuliza mimi ni nani yeye ndiye aliyewajibu. Baada ya dua, tuliporudi nyumbani, akaniambia mama yake ananiita. Bi Zaina alikuwa chumba cha ndani, kwenye mkeka, amejifunika nguo ya eda, amezeeka akawa mdogo kama mtoto. Nilikaa karibu na mlango. Nikampa pole. Akaipokea.

"Salome hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Miguu inamsumbua."

"Mpe salamu." Akaangalia watu wakiingia na kutoka uani. "Shemeji, kuna neno umelibeba miaka mingi. Nalijua, kwa sababu hata huku lilikuwepo."

Nikamuuliza kile ambacho sikuthubutu kumuuliza mwenye nacho. "Siku ya kikao, kaka alikuwa anataka kusema?"

"Nilimuuliza hivyohivyo alipofika nyumbani, hata viatu hajavua. Nikamuuliza tena miaka ikipita, nikijua ninamchosha. Jibu lake lilikuwa moja." Alijifunika vizuri. "Akasema, 'Zaina, nilifungua kinywa, na mimi mwenyewe nilikuwa nangoja nisikie kitatoka nini. Zakaria hakunipa nafasi ya kujua.'"

Wanawake waliokuwa naye walianza kumsomea marehemu, na kwa kuwa sikujua maneno, niliinamisha kichwa nikakaa nao hadi walipomaliza.